Fremu ya Mbao Tatu

Bi Shinuna kaingia dukani kwangu Nizwa, saa nne, jua la Juni,
kitambaa kakiviringa ndani ya kanga iliyopauka,
akakibwaga mezani, juu ya vumbi la randa.
"Nitilie fremu. Na bei usinihubirie."

Nikakikunjua.
Jabal Akhdar: matuta ya mawaridi yakishuka kama ngazi,
nyumba za udongo zilizohamwa, milango imeachama,
falaji moja, uzi wa buluu,
ukipita ubavuni mwa jabali bila kubisha hodi.
Kisha jabali lenyewe, kijivu juu ya kijivu,
linapanda, linapanda,
mpaka robo ya mwisho,
na hapo rangi inakoma.
Kitambaa kitupu. Hata penseli haikupita.

Mimi fundi. Nikasema nilichokiona:
"Bibi, kilele hujakimaliza."
Akanitazama vile mwalimu anavyomtazama mtoto
aliyesoma swali nusu.

Na mwalimu alikuwa kweli, wa jiografia, Wete, kisha Ibra,
miaka thelathini na moja akichora milima ubaoni,
pembetatu ya chaki, na mita zake juu.
"Nimechoka na pembetatu," kasema.
Akatoa mkobani jiwe, dogo kama kungumanga.
Ndani ya jiwe, chaza,
mistari yake mizima, laini, kama ukucha wa kichanga.
Kaliokota juu kwenye mireteni,
pahala ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza.

"Mlima huu ulikuwa sakafu ya bahari.
Ulilala kifudifudi, maji tele mgongoni,
zama zisizo hesabu, hakuna aliyeutazama.
Ndipo ukainuliwa."

Pangaboi likazunguka.
Nikarudi kwenye picha, chini kabisa,
kule nilikodhani ni vivuli tu:
goti. Goti jingine. Mgongo uliokunjika.
Paji la uso, limegusa mchanga.

"Na kule juu?" Sauti yangu imeshuka, sijui kwa nini.
"Kule nimejaribu mara saba.
Nikatia dhahabu, pakawa kama duka la sonara Matrah.
Nikatia wingu, likawa pamba ya godoro.
Nikatia nuru. Unajua nuru ya rangi ya dukani ilivyo?
Nikasugua mpaka kitambaa kikaanza kutoa nyuzi.
Sasa kiache."

Nikapima. Nikakata misaji, vipande vinne.
Akakishika cha nne, akakisogeza pembeni.
"Juu usifunge."
"Bibi, fremu ni pembe nne. Itayumba."
"Iyumbe."
Tukabishana mpaka adhana ya adhuhuri,
na baada ya sala tukaendelea tulipoishia.
Mwisho nikapitisha waya nyuma, mwembamba, usionekane,
kwa kuwa mkono wangu hauwezi kutoa kazi mbovu.
Aliuona. Hakusema neno.
Akalipa bila kupunguza hata baisa, na hilo lilinitisha.

Siku ya pili ya Idi nikampakia mwanangu garini,
tukapanda Saiq, nihakiki.
Kilele kipo. Kizima, kimekaa pahala pake,
na mnara wa simu juu yake, na taa nyekundu.
Mwanangu akauliza tunatafuta nini.
Nikasema petroli imepungua, tushuke.

Njiani, penye kona kali, nikasimamisha gari,
nikashuka, nikaweka kiganja kwenye mwamba uliokatwa na barabara.
Ulikuwa na joto, kama mgongo wa mtu
aliyekaa kwenye sijida kupita kawaida,
hata ukaanza kuhofu, ukataka kumgusa.

Ubao wa nne ninao bado, nimeutundika juu ya mlango.
Juzi mteja kauulizia bei.
Nikamwambia una mwenyewe.